Damu imepungua, lakini chembe zake zimekuwa kubwa kupita kiasi: tusome mstari wa MCV kabla ya kumeza vidonge

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari. Kwa zaidi ya miaka 10 kazi yangu imekuwa kupokea vichupa vya damu vyenye kifuniko cha zambarau, kuvipitisha kwenye mashine na kutoa karatasi ya majibu ambayo wengi tunaiita FBP, yaani picha kamili ya damu. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya mstari mmoja wa karatasi hiyo ambao wagonjwa hawausomi, na ambao hata baadhi ya wanaoandika dawa huupita bila kuutazama. Macho ya wote huenda kwenye hemoglobini. Wakiona 7 au 8 husema "damu ni ndogo", vidonge vya madini ya chuma vinaandikwa, na nyumbani kunaanza juisi ya rosela, matembele na maini. Mstari ninaouzungumzia uko chini kidogo ya huo, na umeandikwa MCV.

MCV ni wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu moja ya damu, na hupimwa kwa femtolita. Kwa mtu mzima kawaida yake ni kati ya 80 na 100. Mtu aliyeishiwa madini ya chuma, tuseme kwa sababu ya minyoo ya safura au ya hedhi nzito ya miezi mingi, huwa na chembe ndogo na MCV yake hushuka chini ya 80. Ikivuka 100, chembe ni kubwa kuliko inavyopasa, na hapo tunazungumzia upungufu wa damu wa aina nyingine kabisa, ambao madini ya chuma peke yake hayautibu hata mgonjwa akiyameza mwaka mzima.

Nitaanza na shangazi yangu, ambaye ameniruhusu nimweleze. Ana miaka 63, ana kisukari, na amekuwa akimeza metformini kwa miaka 11. Alianza kuchoka, akawa anahema akipanda kilima cha kwenda kisimani, na miguu ikawa inamwaka moto na kufa ganzi. Katika kituo alichokuwa akihudhuria aliambiwa kwamba ganzi ni sukari iliyoharibu neva na kwamba uchovu ni upungufu wa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Jirani akamshauri aongeze vya asidi ya foliki vya miligramu 5, akavinunua duka la dawa. Baada ya wiki kadhaa hemoglobini ilipanda kutoka 7.1 hadi 9.4 na nyumba nzima ikafurahi. Lakini miguu ilizidi. Alisema anapotembea ni kama anakanyaga godoro, na usiku umeme ukikatika alikuwa anashika ukuta ili asianguke, kwa sababu bila macho hakujua nyayo zake ziko wapi.

Nilipokwenda likizo nilimwomba anionyeshe karatasi zake zote. Zilikuwa tatu, zimekunjwa ndani ya kitabu cha kliniki. MCV ya kwanza ilikuwa 121, ya pili 117, ya tatu 112. Zote tatu zilikuwa na alama ya kuonyesha kwamba kipimo kimepita kiwango, na hakuna aliyeandika neno lolote pembeni.

Mwanzisha uzi (sehemu ya pili)

Sasa nieleze kinachotokea. Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Chembe mama hukua, hunakili vinasaba vyake, kisha hugawanyika. Kazi ya kunakili vinasaba inahitaji vitamini mbili, B12 na foliki (ambayo wengine huiita B9). Moja ikikosekana, mwili wa chembe unaendelea kujaa lakini kiini chake kimekwama, hakiwezi kugawanyika kwa wakati. Matokeo yake ni chembe chache, kubwa, zenye umbo la yai, na nyingi hufia humo humo kwenye uboho kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu. Mabaki ya chembe hizo zilizokufa ndiyo humfanya mgonjwa awe na umanjano kidogo machoni juu ya weupe wa upungufu wa damu, na mara nyingine akadhaniwa kuwa na homa ya ini. Madaktari huita hali hii upungufu wa damu wa megaloblasti. Kwa kuwa kila chembe inayogawanyika haraka huathirika, seli nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) nazo zinaweza kushuka, na ulimi hupoteza vinundu vyake ukawa mwekundu, laini na wenye kuuma mgonjwa akila pilipili.

Kuna dalili moja ambayo kwa watu wenye ngozi nyeusi ni ya kuitazama: viungo vya vidole, viganja na nyayo huweza kuwa vyeusi kuliko zamani. Shangazi alidhani ni moshi wa jikoni. Weusi huo hutoka mgonjwa akitibiwa.

Nilichukua damu yake, nikapaka kwenye kioo, nikaitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Sisi wa maabara tuna rula yetu ya asili: chembe nyekundu ya kawaida inalingana na kiini cha limfosaiti ndogo (aina ya seli nyeupe) iliyo jirani yake. Za shangazi zilikuwa zimeipita kwa mbali, nyingine kama mayai ya njiwa kando ya punje za choroko. Kisha nikatafuta seli nyeupe ziitwazo neutrofili. Kiini cha neutrofili ya kawaida kimegawanyika vipande 3 au 4 vilivyounganishwa kwa kiuzi chembamba. Ukikuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 zina vipande 5, au hata moja ikiwa na vipande 6, huo ni ushahidi mzito wa upungufu wa B12 au foliki. Ya kwanza niliyoikuta ilikuwa na vipande 6. Kioo, rangi na dakika kumi za mtu aliyetulia: kipimo hiki kinawezekana hata katika hospitali ya wilaya isiyo na mashine yoyote ya vitamini.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike uzi wote huu. Foliki na B12 husaidiana katika kutengeneza damu, kwa hiyo mtu aliyeishiwa B12 akimeza foliki nyingi, uboho hupata njia ya kuzunguka na hemoglobini inapanda. Neva, hata hivyo, zinahitaji B12 yenyewe ili kutunza utando unaozifunika, na foliki haiwezi kuifanya kazi hiyo. Karatasi inaonyesha nafuu huku uti wa mgongo ukiendelea kuliwa. Ndicho kilichokuwa kinamtokea shangazi: damu ilikuwa inapanda na miguu inakufa. Kwa hiyo mwenye MCV kubwa, hasa mwenye ganzi, asianzishiwe foliki peke yake kabla B12 haijapimwa au kutibiwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante, ndugu, kwa uzi wenye manufaa. Nina swali kuhusu metformini. Mama yangu anaitumia mwaka wa nane sasa. Je, aache?

Mwanzisha uzi

Asiache. Metformini ni dawa nzuri ya kisukari na kuiacha bila daktari kuna madhara ya haraka kuliko haya. Inachofanya ni kupunguza ufyonzaji wa B12 mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hatari huongezeka kadiri miaka na dozi zinavyoongezeka. Ini huweka akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja kimyakimya, mtu akiwa ameshasahau alianza lini dawa. Mwambie mama aombe B12 ipimwe, na hasa kama ana ganzi, kwa sababu ganzi ya kisukari na ganzi ya B12 zinafanana sana na nyingine hukaa pamoja ndani ya mguu mmoja.

Njia ya B12 ni ndefu, na inaweza kukatika popote. Kwanza lazima iliwe, nayo ipo kwenye nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Asidi ya tumbo huitoa kwenye chakula, kwa hiyo anayetumia omeprazoli kwa miaka mingi kwa ajili ya vidonda vya tumbo yuko hatarini pia. Kisha ukuta wa tumbo hutoa protini maalumu inayoishika na kuisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba, ndipo inapopokelewa. Aliyekatwa tumbo, au aliyeondolewa sehemu hiyo ya utumbo, ataishiwa hata akila nyama na samaki kila siku. Wapo pia ambao kinga yao wenyewe hushambulia ukuta wa tumbo na protini hiyo. Ugonjwa huo uliua karibu wote walioupata hadi 1926, George Minot na William Murphy wa Boston walipoonyesha kwamba kula maini mengi kila siku huwaponya. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na George Whipple. B12 yenyewe haikutengwa hadi 1948.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha uzi, naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Nilivyosoma, ugonjwa wa B12 ni wa Wazungu. Sisi huku tunakula mchicha na kisamvu kila siku, na siku hizi kuna unga wa spirulina madukani. Kwa nini kuwatisha watu?

Mwanzisha uzi

Karibu, na kutofautiana ndiko kunakokuza uzi. Ni kweli kwamba vitabu vya zamani viliuhesabu ugonjwa ule wa kinga kuwa wa watu wa Ulaya Kaskazini. Baadaye ukaripotiwa Afrika Kusini na kwa Wamarekani wenye asili ya Afrika, na miongoni mwao wamo wanawake waliougua wakiwa na umri mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki ni vyanzo vizuri vya foliki, ingawa kuchemsha kwa muda mrefu na kumwaga maji huipoteza sehemu kubwa, lakini havina B12. Ama spirulina, ile iliyomo kwa sehemu kubwa ni aina bandia inayofanana na B12 lakini ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mbaya zaidi, baadhi ya vipimo huihesabu kana kwamba ni ya kweli.

Nikubaliane nawe katika jambo moja: kwa hapa kwetu, wengi wenye damu ndogo wana upungufu wa madini ya chuma, malaria au selimundu, na si B12. Hilo lenyewe ni sababu ya kuwa makini, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Upungufu wa chuma unazipunguza chembe, upungufu wa B12 unazikuza, na wastani unatoka 90 safi kabisa. Hapo tazama mstari wa RDW, unaopima jinsi ukubwa wa chembe unavyotofautiana. Ukiwa juu huku MCV ni ya kawaida, omba damu itazamwe kwenye kioo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mjamzito wa miezi mitano. MCV yangu ni 101 na hemoglobini 11.2. Nimeogopa tangu nisome hapa. Kliniki wamenipa vidonge vyenye chuma na foliki.

Mwanzisha uzi

Dada, usiogope, na vidonge vya kliniki endelea navyo. Ujauzito wenyewe huweza kuzikuza chembe kidogo, na hemoglobini yako haijashuka chini ya 11, kiwango kinachotumika kwa wajawazito. Mwonyeshe mkunga karatasi, mweleze pia kama una ganzi au huli kabisa vyakula vya wanyama.

Naomba nichepuke kidogo, kwa sababu habari ya foliki ilianza kwa wanawake wajawazito. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliokuwa wajawazito walikuwa wakipata upungufu mkali wa damu wenye chembe kubwa. Alikuta unawapata zaidi maskini wenye chakula duni, na kwamba walipona walipopewa dondoo la hamira, lile lile lililokuwa likiuzwa kwa jina la Marmite na kupakwa kwenye mkate. Alichapisha matokeo yake mwaka 1931. Miaka 10 baadaye, mwaka 1941, wanasayansi wa Marekani waliitenga dutu hiyo kutoka kwenye majani ya spinachi na kuipa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Akiba ya foliki mwilini ni ya miezi michache tu, na mtoto aliye tumboni anaitumia kwa kasi. Ndiyo maana mwanamke anayepanga kushika mimba hushauriwa ameze mikrogramu 400 kila siku hata kabla ya mimba, ili kupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Sheria ya Tanzania inataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe foliki. Anayesaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani asiitegemee hiyo.

Mchangiaji wa nne

Mdogo wangu ana selimundu na anatumia haidroksiyurea. MCV imepanda kutoka 88 hadi 109. Je, ameishiwa B12?

Mwanzisha uzi

Yamkini hapana. Haidroksiyurea huingilia unakili wa vinasaba na hivyo huzikuza chembe. Daktari wake huenda anaifurahia MCV hiyo, kwa kuwa ni ishara kwamba dawa inamezwa na inafanya kazi. Zidovudini, iliyokuwa kwenye mchanganyiko wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa wengi kabla ya dawa za sasa, hufanya vivyo hivyo. Methotreksati, inayotumiwa kwa magonjwa ya viungo, inazuia kazi ya foliki, na kwa kawaida huandikwa pamoja na vidonge vya foliki.

Na tukiwa kwenye sababu zisizohusu vitamini: pombe huzikuza chembe moja kwa moja hata kwa mtu anayekula vizuri. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo aliyeacha pombe leo asitegemee MCV irudi kesho. Ni miezi 2 hadi 4. Ugonjwa wa ini na tezi ya shingo iliyopunguza kazi nao hufanya hivyo. Damu inayovunjika kwa kasi, au iliyovuja, humfanya mtu atoe chembe changa nyingi, na chembe changa ni kubwa kwa asili. Kwa mzee ambaye vitamini zote ziko sawa lakini seli nyeupe na sahani zake zinashuka, hapo ni lazima daktari bingwa wa damu, kwa sababu uboho wenyewe unaweza kuwa mgonjwa.

Mchangiaji wa tano

Nami ni wa maabara. Ongeza kwamba sampuli ikikaa muda mrefu, hasa kwenye joto, chembe huvimba na MCV hupanda bure.

Mwanzisha uzi

Umesema kweli, ndugu yangu wa kazi, na kila anayepokea vichupa vilivyosafiri kwa basi usiku kucha anakijua kisa hiki. Sukari iliyopanda sana kwenye damu nayo huvimbisha chembe zinapoingia kwenye maji ya mashine. Tena kuna damu ambazo chembe zake hushikana zikipoa. Mashine inazihesabu mbili kuwa moja na kutoa MCV ya ajabu kama 130. Kichupa kikipashwa moto hadi nyuzi 37 na kurudiwa haraka, ugonjwa unatoweka. Kwa hiyo MCV moja kubwa irudiwe kwanza kwa sampuli mpya.

Mchangiaji wa sita

Tiba je? Nimesikia sindano nyekundu ya neva inatosha, nayo inachomwa duka la dawa hapa mtaani.

Mwanzisha uzi

Rangi hiyo ni ya B12 yenyewe, ambayo ni nyekundu kama rosela. Malalamiko yangu ni kwamba sindano hiyo sasa inachomwa kwa kila anayeumwa mgongo, kisha akija maabara wiki inayofuata B12 yake inasoma juu sana na hatuwezi tena kujua alikuwa na nini. Damu ichukuliwe kwanza, sindano baadaye. Matokeo chini ya pikogramu 200 kwa mililita yanaashiria upungufu. Kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, ambapo dalili za mgonjwa na kioo chake vina uzito kuliko namba. Kipimo hakipatikani katika kila hospitali, na mwenye ganzi inayozidi hapaswi kusubiri majibu kwa wiki nyingi. Damu ikishachukuliwa tu, atibiwe.

Ratiba ambayo madaktari wengi huifuata ni sindano ya haidroksokobalamini (aina ya B12) miligramu 1 mara tatu kwa wiki kwa wiki 2, kisha moja kila baada ya miezi 2 au 3. Kama neva zimeguswa, ya mwanzo huchomwa kwa kuruka siku moja kati ya sindano na sindano, hadi nafuu isipoongezeka tena. Vidonge vya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kila siku navyo huwasaidia wengi, hata wenye tumbo lisilofyonza vizuri, kwa sababu sehemu ndogo hupenya bila msindikizaji. Aliyepungukiwa foliki, baada ya B12 kuhakikishwa, hupewa miligramu 5 kila siku kwa miezi 4 hivi. Ikiwa sababu ni ya kudumu, kama tumbo lililokatwa, sindano ni za maisha.

Dawa ikiwa sahihi, chembe changa huongezeka ndani ya wiki moja hivi, na hemoglobini hurudi sawa kwa takriban miezi 2. Siku za mwanzo potasiamu inaweza kushuka kwa mgonjwa aliyekuwa mahututi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutotibiana kwa siri nyuma ya duka.

Mchangiaji wa kwanza

Na shangazi anaendeleaje?

Mwanzisha uzi

B12 yake ilitoka 96. Alianza sindano siku hiyo hiyo, na siku ya sita nilihesabu chembe changa mwenyewe: zilikuwa zimejaa kwenye kioo. Kilima cha kisimani anakipanda bila kusimama, MCV ni 91, na weusi wa vidole umetoka. Metformini anaendelea nayo, na sindano anachomwa kila miezi 3. Neva hupona polepole na zilizokaa sana bila B12 haziponi zote. Ni mwezi wa kumi na nne sasa. Anatembea gizani bila kushika ukuta, lakini vidole viwili vya mguu wa kushoto bado havihisi kandambili ikichomoka.